Dawa za Sonona: Tumbo Husikia Kwanza, Moyo Hungoja

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa wanakisomo katika kituo chetu. Tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema, pamoja na maswali mliyouliza.)



Leo hatuna somo la mbolea wala la kuku. Leo tunazungumza habari ya bahasha ya dawa.

Mnakumbuka tulipomaliza kitabu chetu, tuliwaambia kila mmoja alete kitu chenye maandishi kutoka nyumbani kwake. Wengine mlileta risiti ya pamba, wengine kadi ya kliniki, wengine mfuko wa mbegu. Mama mmoja alileta bahasha ndogo ya zahanati. Juu yake paliandikwa jina la dawa, na chini yake: 25 mg, 1 x 1, usiku. Aliisoma mbele ya darasa, herufi kwa herufi, tukampigia makofi.

Watu walipotoka alibaki nyuma. Akasema, "Mwalimu mwanangu, hizi dawa nimezimeza siku 8. Mdomo umekauka kama nimelamba majivu. Choo sipati. Asubuhi nikisimama dunia inazunguka. Na ule uzito wa moyo uko palepale. Sasa nifanyeje?"

Sisi tukajibu upesi, kama wajuzi. Tukasema, "Mama, labda dawa hizi zimekukataa. Ziache kwanza." Akaziacha.

Lile lilikuwa kosa letu, wala hatumsingizii mtu. Muda wa mwezi mzima na zaidi mama yule hakuonekana darasani. Shamba lake likaota majani. Jirani wakasema amelogwa, wengine wakasema ni uvivu. Jioni moja dada yake alikwenda kumwangalia, akamkuta amekaa peke yake gizani. Vidonge vilivyobaki alikuwa amevimimina juu ya mkeka, naye anaviangalia. Dada mtu hakuuliza neno. Alivikusanya vyote, akampeleka zahanati usiku uleule, na kesho yake wakaenda hospitali ya wilaya.

Leo mama huyu yuko nasi tena. Ndiye aliyetuambia, "Semeni, ili mwingine asiambiwe nilivyoambiwa mimi." Jina lake hatulitaji.

Basi tulikwenda kujifunza. Tulikaa na mganga wa zahanati siku mbili, tukasoma na vitabu. Bado sisi si madaktari. Hatugawi dawa. Lakini mtu anayejua kusoma bahasha yafaa ajue pia kilichomo ndani yake kinafanya nini mwilini.

Ugonjwa wenyewe

Mtu akifiwa hulia. Mahindi yakikauka husikitika. Hiyo si sonona, hiyo ni huzuni ya binadamu, na dawa yake ni watu kukaa naye. Sonona ni pale ambapo uzito wa moyo, au kukosa hamu ya kila kitu, unakaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na mtu anashindwa kazi zake. Usingizi unakatika alfajiri, au analala mno. Chakula hakina ladha. Mwili umechoka na hajashika jembe. Anajiona hana maana. Huku kwetu husemwa tu, "ana mawazo." Na wengi hawasemi moyo kabisa, husema mwili: kichwa, mgongo, tumbo. Wako wanaofika hata kuwaza kufa.

Sonona ikiwa nyepesi mara nyingi vidonge havihitajiwi. Mazungumzo na mhudumu aliyefundishwa, kurudi kidogo kidogo kwenye kazi na kwenye watu, na kuacha pombe, huweza kutosha. Ikiwa ya kati au kali, hapo dawa huingia, na mazungumzo nayo hayaachwi.

Tarishi na upenyo

Haya, dawa hizi zinafanya nini? Ubongo umejengwa kwa chembe nyingi mno, mabilioni. Chukueni kila chembe kuwa ni nyumba. Nyumba hizi hazigusani. Kati ya moja na jirani yake pana upenyo mdogo ambao jicho haliwezi kuuona. Nyumba hii ikitaka kuipa habari nyumba ya pili, humtuma tarishi. Tarishi anavuka upenyo, anabisha hodi kwa jirani, anatoa habari, kisha anaondoka.

Matarishi wa ubongo wako wa aina nyingi. Leo tunawataja wawili. Mmoja ni serotonini. Huyu ana kazi katika hali ya moyo, usingizi na hamu ya chakula. Wa pili ni noradrenalini. Huyu ana kazi katika kuamka, kuwa na nguvu, na mapigo ya moyo.

Tarishi akishatoa habari, haachwi azurure kwenye upenyo. Anavutwa kurudi nyumba aliyotoka, kwa mlango wa nyuma, ili atumwe tena. Na ndani ya nyumba yuko mvunjaji, ambaye kazi yake ni kuwavunjavunja matarishi wasizidi. Dawa nyingi za sonona hufanya kazi katika mahali hapa pawili. Ama zinamzuia mvunjaji, ama zinaufunga ule mlango wa nyuma. Kwa njia zote mbili tarishi anabaki kwenye upenyo muda mrefu zaidi, na anabisha hodi mara nyingi zaidi.

Hapa mtatuuliza: kwa hiyo sonona ni upungufu wa serotonini, kama taa iliyoishiwa mafuta ya taa? Watu wengi walifundishwa hivyo miaka mingi. Siku hizi wataalamu hawasemi hivyo kirahisi. Mwaka 2022 watafiti walikusanya kazi nyingi zilizotangulia, wakaeleza kwamba ushahidi thabiti wa upungufu huo hawakuuona. Na tazameni jambo hili. Matarishi huongezeka kwenye upenyo ndani ya saa chache tangu mtu ameze kidonge, lakini moyo hauwi mwepesi siku hiyo. Huchukua wiki 2, mara nyingi 4, hata 6. Inaonekana ubongo hujipanga upya polepole, kama shamba lililomwagiwa maji leo, ambalo halivunwi kesho.

Kwamba dawa husaidia, hilo limepimwa. Mwaka 2018 zilitolewa hesabu za majaribio 522 yaliyopima dawa 21 za sonona kwa watu wazima. Dawa zote 21 zilishinda vidonge vitupu visivyo na dawa ndani yake. Hazikushinda kwa mbali sana, wala hazimfai kila mtu. Lakini zilishinda.

Sasa njooni kwenye kosa letu. Serotonini haikai kichwani tu. Sehemu kubwa kabisa ya serotonini ya mwili iko matumboni. Noradrenalini nayo iko kwenye moyo na kwenye mishipa ya damu. Kwa hiyo mtu akimeza kidonge, tumbo na moyo wa nyama husikia siku ileile, na moyo wa huzuni hungoja wiki kadhaa. Yaani mateso huja mapema na nafuu huja nyuma yake. Mama yule alikuja kwetu siku ya 8, siku mbaya kuliko zote: maudhi yote yamekwisha kufika, na nafuu bado iko njiani. Siku hiyo ndiyo tuliyomwambia aache.

Dawa zilizogunduliwa kwa bahati

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, Marekani, wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakijaribiwa dawa iitwayo iproniazidi. Ni ndugu wa isoniazidi, ambayo mpaka leo wagonjwa wetu wa kifua kikuu wanaimeza. Wagonjwa waliokuwa wamelala hoi wakaanza kuchangamka, kula sana, hata kucheza dansi wodini, na mapafu yao bado hayajapona. Baadaye ikajulikana kwamba dawa ile inamzuia yule mvunjaji wa matarishi.

Iproniazidi yenyewe iliachwa kwa sababu iliharibu maini. Ndugu zake wengine wapo, lakini hutolewa kwa nadra, na daktari bingwa. Ubaya wao uko kwenye chakula. Mvunjaji huyo huvunja pia kitu kiitwacho tairamini, kilichomo katika jibini ya kukaa sana, nyama zilizochachushwa, na baadhi ya pombe zinazochachuka. Mvunjaji akizuiwa, tairamini inajaa na shinikizo la damu linapanda ghafla, mtu anaweza kufa. Hatutazisema zaidi, maana si rahisi mzikute huku.

Dawa za pete tatu

Hizi ndizo mtakazokutana nazo. Zinaitwa hivyo kwa sababu wataalamu wakichora umbo lake huchora pete tatu zilizoshikana. Ya kwanza ni imipramini. Daktari Roland Kuhn, katika hospitali ya Münsterlingen huko Uswisi, aliijaribu akitafuta dawa ya ugonjwa mwingine wa akili. Ugonjwa huo haukupona, lakini wenye huzuni nzito walipata nafuu, naye akaandika habari hizo mwaka 1957. Ikafuata amitriptilini, ambayo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961. Hii ndiyo ilikuwa kwenye bahasha ya mama. Katika bahasha jina litakuwa la Kiingereza, lakini mwanzo wake mtautambua: A-M-I-T-R-I.

Dawa hizi hufunga mlango wa nyuma wa matarishi wote wawili, serotonini na noradrenalini. Zinafanya kazi vizuri, ila hazina adabu. Ni kama mtu aliyetumwa kufunga mlango mmoja, akapita akigonga milango ya kijiji kizima. Anagonga mlango wa mate, kinywa kinakauka. Anagonga wa matumbo, choo kinafunga. Anagonga wa macho, maandishi ya karibu yanaonekana kama yana ukungu, na hili ni baya kwa mwanakisomo anayedhani amesahau kusoma! Anagonga wa kibofu, mkojo unasitasita. Mishipa ya damu inalegea, na mtu akisimama ghafla anaona kizunguzungu. Usingizi unakuwa mzito. Uzito wa mwili huongezeka.

Maudhi haya mengi hupungua baada ya wiki moja mbili, na yana njia zake. Dawa humezwa usiku ili usingizi wake ufanye kazi kitandani badala ya shambani. Maji yanywewe kidogo kidogo mchana kutwa. Maharage, mboga za majani, mapapai na maembe husaidia choo. Asubuhi usiruke kutoka kitandani. Kaa kwanza ukingoni, hesabu mpaka 30, ndipo usimame. Usiendeshe pikipiki wala usipande mti mpaka ujue dawa inakufanyaje. Pombe usiinywe, maana pombe na dawa hii huongezeana usingizi, na pombe yenyewe huizidisha sonona.

Wako wasiofaa kupewa amitriptilini, na ni lazima wamwambie mganga kabla. Mwenye ugonjwa wa moyo. Mzee ambaye mkojo wake tayari unatoka kwa shida. Mwenye presha ya macho. Wazee wa umri mkubwa kwa jumla, kwa sababu ya kuanguka.

Na jambo moja zito kuliko yote. Amitriptilini ikizidi inavuruga mapigo ya moyo, inaua. Kwa hiyo mtu anayewaza kufa hafai kukabidhiwa pakiti nzima. Mganga akijua, atampa dawa nyingine, au atampa chache, au atamkabidhi ndugu yake. Lakini atajuaje ikiwa hakuambiwa? Mkiwa mnamsindikiza mgonjwa, semeni. Kumwuliza mtu waziwazi, "Je, unawaza kujiua?" hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema. Na mtoto mdogo akiokota vidonge hivi akavimeza, hata vichache, msingoje mpaka dalili zionekane. Hospitali mbio.

Dawa zinazochagua mlango

Fluoksetini ilikubaliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1987. Mwanzo wa jina lake ni F-L-U-O. Ndugu zake ni sertralini, sitalopramu na paroksetini. Hizi hufunga hasa mlango wa nyuma wa serotonini peke yake, na milango mingine ya kijiji haziigongi sana. Kinywa hakikauki kama kwa zile za pete tatu, na zikizidi hazina hatari ileile kubwa kwa moyo. Ndiyo sababu siku hizi nchi nyingi huanza na hizi.

Lakini msije mkadhani hazina maudhi. Serotonini ni ya tumbo, tumeshasema. Siku za kwanza mtu husikia kichefuchefu, huharisha, kichwa kinauma, chakula hakimwiti. Meza pamoja na chakula, kichefuchefu kitapungua. Wengine hukosa usingizi na kuwa na wasiwasi, mikono ikitetemeka. Kwa sababu hiyo fluoksetini humezwa asubuhi, kinyume cha amitriptilini. Soma bahasha, usifuate alivyomeza jirani.

Dawa hizi hurahisisha damu kutoka, hasa tumboni, zikichanganywa na aspirini, diklofenaki au ibuprofeni. Huku kwetu diklofenaki inamezwa kama karanga baada ya kulima. Mwenye kumeza fluoksetini aulize kwanza. Akiona choo cheusi kama lami, aende hospitali.

Na iko tramadoli. Vijana wanajua tunasema nini. Tramadoli nayo huongeza serotonini. Ikichanganywa na dawa za sonona, matarishi huweza kujaa kupita kiasi: jasho, kutetemeka, homa kali, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa. Hilo si jambo la kungojea kesho.

Nyingine tuzipitie haraka. Venlafaksini na duloksetini hufunga milango ya matarishi wote wawili, kama zile za pete tatu lakini kwa adabu zaidi. Venlafaksini huweza kupandisha shinikizo la damu. Mirtazapini haifungi mlango wa nyuma, yenyewe huondoa breki inayowazuia matarishi wasitumwe. Inaleta usingizi na njaa, na mtu hunenepa, jambo ambalo kwa mgonjwa aliyekonda na asiyelala laweza kuwa faida. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Hizi mtazikuta zaidi katika hospitali kubwa.

Wiki za mwanzo na siku ya kuacha

Wiki za mwanzo mgonjwa asiachwe peke yake. Kwa watoto na vijana, mpaka umri wa miaka 24 hivi, imeonekana kwamba dawa hizi mwanzoni huweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi yao. Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwenye dawa mwaka 2004 kwa ajili ya watoto, na mwaka 2007 likaongezwa kwa vijana. Maana yake si kwamba kijana asitibiwe. Maana yake aonwe na mganga mara kwa mara, na nyumbani awepo mtu wa kumtazama. Watoto wadogo wasipewe dawa hizi zahanati tu, waende kwa bingwa.

Tazameni pia mtu anayebadilika upande mwingine: halali na wala hachoki, anasema mbio, anagawa mali, anataka kununua basi na hana hata baiskeli. Huyo huenda ana ugonjwa wa hisia za pande mbili, na dawa ya sonona peke yake imempandisha. Arudishwe hospitali upesi. Zamani aliwahi kuwa hivyo? Mganga aambiwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Mama mjamzito au anayenyonyesha asiache mwenyewe wala asianze mwenyewe. Sonona isiyotibiwa nayo humdhuru mama na mtoto, kwa hiyo ni jambo la kupimwa pamoja na daktari.

Nafuu ikija, wengi hutupa vidonge siku hiyohiyo. Tunawaelewa, nani anapenda kumeza dawa? Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu aendelee mpaka amekaa miezi 9 mpaka 12 akiwa mzima au karibu mzima. Akiacha mapema, ugonjwa hurudi kwa urahisi. Na kuacha kwenyewe ni kwa ngazi, dozi ikipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki 4 au zaidi. Aliyekata ghafla huweza kupata kizunguzungu, ndoto za ajabu, hasira za bure, na mshtuko kichwani kama wa umeme. Fluoksetini hutoka mwilini polepole sana, kwa hiyo kwa hiyo taabu hizo ni chache. Paroksetini na venlafaksini ni kali zaidi kwa upande huu.

Maswali mliyouliza

Mzee mmoja alisimama akasema, "Hivi vidonge si ndivyo vya watu wa Mirembe?" Watu wakacheka, lakini tunadhani swali hili ndilo linalowazuia wengi. Mzee wetu, hospitali ya Mirembe iko Dodoma na inatibu magonjwa mengi ya akili, yakiwemo makali. Mtu mwenye sonona hutibiwa hapahapa zahanati au wilayani, analala kwake, analima shamba lake. Kumeza amitriptilini hakumfanyi mtu chizi. Dawa hiyohiyo, kwa kipimo kidogo, hupewa wenye maumivu ya mishipa ya fahamu na wenye kipandauso.

Kijana akauliza kama zinalevya na kama utazoea kama gongo. Hazilevyi. Mtu hazitamani wala haongezi mwenyewe ili asikie raha, maana raha ya papo kwa papo haimo. Lakini mwili huzizoea kwa namna ya kutopenda kukatishwa ghafla, tumeshaeleza. Dawa inayopaswa kuogopwa kwa mazoea ni diazepamu, inayouzwa madukani eti ni ya usingizi au ya mawazo. Hiyo si dawa ya sonona. Inamlaza mtu leo na kumfunga kamba kesho. Zahanati ikiishiwa dawa yako, usikubali kupewa diazepamu badala yake. Rudi kwa mganga kabla vidonge havijaisha, vikibaki vya wiki moja hivi, ili akuelekeze pa kuvipata.

Baba mmoja aliongea kwa sauti ya chini, akina mama wakageuza nyuso. Aliuliza habari ya unyumba. Afadhali tulijibu wazi. Dawa za aina ya fluoksetini kwa watu wengi hupunguza hamu, au huchelewesha, mwanamume na mwanamke pia. Sonona yenyewe hufanya hivyohivyo. Kwa wengi hurudi sawa dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, na mganga anazo njia. Tatizo ni kwamba waume huacha dawa kimyakimya, na wake hudhani kuna mwanamke mwingine. Bwana, mwambie mganga. Ameyasikia mengi zaidi ya hayo.

Na mama mmoja akauliza, "Dawa hii itamwondolea mtu huzuni ya mtoto aliyekufa?" Hapana, mama. Mtoto atakumbukwa. Tuliambiwa na waliomeza kwamba dawa huwarudishia nguvu ya kuibeba huzuni na kuamka asubuhi, lakini haifuti aliyeondoka. Wengine husema mioyo yao ilikuwa kama imefunikwa blanketi, hawalii wala hawacheki. Hilo nalo ni moja ya maudhi, na lisemwe kwa mganga.

Mwisho mlituuliza yule mama anaendeleaje. Alibadilishiwa dawa hospitali. Bahasha yake ya sasa imeandikwa fluoksetini, 20 mg, 1 x 1, asubuhi. Wiki ya kwanza alitapika mara mbili, akatujia, na safari hii tulimjibu, "Twende kwa mganga," tukaenda naye. Wiki ya 5 alipalilia. Vidonge havikai nyumbani kwake. Vinakaa kwa dada yake, ndani ya sanduku lenye kufuli, na kila Jumapili baada ya ibada humhesabia 7.